Kichwa cha Pampu Kilichobaki Gatina

Shiundu, fundi wa Gatina, alimwibia Lenah kichwa cha pampu. Hakumvunjia mlango wala hakumvizia njiani. Alimwibia kwenye karakana yake, saa sita mchana, huku akimwita senje, yaani shangazi, kwa kuwa wote wawili ni watu wa Vihiga na mama zao waliimba kwaya moja. Alipokwisha kumwibia alimwombea baraka kwa Mungu.

Watu wakisikia habari hii husema, ah, kipande cha chuma tu. Waseme. Hawajawahi kula kwa kipande cha chuma.

Lenah alitolewa shule darasa la pili ili amlee mtoto wa kaka yake, na mtoto alipokua hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Alikuja Nairobi na mikono yake. Kwa miaka kumi na moja aliwapikia mafundi wa gereji moja kule Industrial Area, maharagwe leo, githeri kesho, na wakati sufuria inachemka alikuwa amekaa juu ya tairi akiangalia wanavyofungua injini na kuzifunga. Gereji ilipokufa, mwenyewe hakuwa na cha kuwapa wafanyakazi. Alifungua stoo akawaambia kila mtu achague kitu kimoja. Wanaume walikimbilia jeki na masanduku ya spana. Mpishi akaachwa mwisho, na kilichobaki kwenye kona ni mashine ya kuoshea magari kwa presha ya maji, ya injini ya petroli, rangi imebabuka, gurudumu moja halina mpira. Walimcheka. "Mama Whitney amepewa ng'ombe asiye na maziwa," akasema mmoja. Lenah akaita mkokoteni, akampeleka ng'ombe wake Kibera.

Huko, mtaani Kisumu Ndogo, kuna kona ambapo pikipiki za bodaboda hupumzika, chini kidogo ya wauza dagaa wa omena. Hapo ndipo alipoiweka. Siku ya kwanza vijana wa bodaboda walisimama kumtazama mwanamke mzima akivuta kamba ya injini. Ilipowaka na maji yakatoka, tope la wiki nzima likaruka kutoka kwenye pikipiki ya Billy kama ganda la viazi. Billy ndiye mwenyekiti wa stendi hiyo. Akasema, "Mathe," yaani mama, "wewe kaa hapo hapo." Akakaa miaka saba.

Sasa nguvu ya mashine ile ilikuwa kichwani. Injini inazungusha, pistoni tatu zinasukuma, lakini kichwa cha pampu ndicho kinachoyabana maji mpaka yatoke na hasira. Kichwa cha Lenah kilikuwa cha shaba ya manjano, kizito kama jiwe la kusagia, cha zamani, cha siku ambazo watu walitengeneza kitu wakitaka kidumu. Mwaka wa pili bolti moja ilikatikia ndani. Mzee Okello, fundi wa pampu wa hapo hapo Kisumu Ndogo, aliichimbua kwa siku nzima, akapanua tundu, akatia bolti nene zaidi. Tangu hapo kichwa kile kilikuwa na bolti saba za spana ya kumi na tatu na moja ya spana ya kumi na saba. Lenah hajui kusoma jina la mtu kwenye bahasha, lakini spana anazijua zote kwa kidole.

Mvua za mwaka jana ndizo zilizoleta balaa. Maji ya matangi yalikuja na mchanga, na presha ikaanza kushuka. Bunduki ya maji ikawa inakohoa. Chini ya pampu kukawa na dimbwi.

"Mathe, hii presha ni ya mbuzi akikojoa," kijana mmoja akamwambia.

"Mbuzi wa kwenu?" Lenah akamjibu. "Basi mlete, anisaidie kazi."

Walicheka, lakini Billy hakucheka. Alimvuta kando. "Mathe, sikufukuzi. Lakini stendi inataka mashine. Kuna jamaa wa Silanga ako na yake, anauliza kila siku kama hii kona iko wazi. Nikiwaambia watu wangoje, watangoja wiki mbili. Mwezi hawawezi."

Mzee Okello hakuwapo. Alikuwa amekwenda mazishi Homa Bay, na mazishi ya huko hayana haraka. Kanisani wakamwambia Lenah, mbona unahangaika, na Shiundu yuko Gatina, fundi wa mashine za maji, tena ni mtoto wenu. Basi akakodisha pikapu, akaipeleka mashine huko Gatina, Kawangware.

Shiundu aliifungua kwa nusu saa tu. Kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mikono safi kuliko ya fundi yeyote ambaye Lenah amewahi kumwona. Hilo lingetosha kumwonya. "Senje, sili zimekwisha," akasema, akamwonyesha zile pete za mpira zinazozuia maji yasivuke kwenye pistoni. "Mimi hizi sina. Hii mashine ni ya kale. Ukizipata, mimi nafunga siku hiyo hiyo."

Lenah akaichukua sili moja iliyochakaa, akaifunga kwa uzi, akaivaa shingoni, akaenda mjini kuitafutia dada.

Alitembea maduka ya spea ya Kirinyaga Road siku mbili. Kila kaunta ni swali lile lile: namba gani? Duka la kwanza walimwambia alete namba. La pili walimwambia amlete mwanamume anayejua. La tatu walimuuzia zilizokuwa kubwa, akazirudisha kabla hajafika mlangoni kwa sababu alizipima kwa kidole gumba. Duka la mwisho lilikuwa la mtu anaitwa Ng'ang'a, mzee wa miwani.

"Namba, mama?"

"Namba sina. Nina hii."

Ng'ang'a aliipindua ile sili kwenye uzi wake. "Hii imekufa. Sisi hatupimi maiti hapa."

"Pima ndani. Nje imelika, ndani haijalika. Mwili ndio umekonda, mfupa uko."

Mzee akamtazama juu ya miwani. Akatoa kipimo chake, akapima ndani. Akapanda ngazi, akafungua droo ya juu kabisa iliyojaa vumbi, akashuka na sili tatu ndani ya karatasi ya mafuta. "Hizi zimelala hapa tangu mtoto wangu wa kwanza azaliwe," akasema. "Ni nani alikufundisha?"

"Sufuria," Lenah akamjibu, akaenda zake.

Basi fikirieni mtu anayerudi Gatina siku ile. Miguu imevimba, lakini mkononi ana kitu ambacho wanaume wa karakana walishindwa kukipata. Alikuwa akitembea kama bibi harusi. Na siku zile mbili alipokuwa akizunguka mjini, mashine yake ilikuwa wazi mbele ya Shiundu, na Shiundu alikuwa akikitazama kile kichwa cha shaba.

"Senje, sili ni zenyewe, umefanya kazi," Shiundu akamwambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta habari za msiba. "Lakini kuna mbaya. Kichwa kimepasuka."

Alikigeuza juani. Kulikuwa na mstari, ni kweli, mwembamba, mweusi wa grisi. Lenah akapitisha kucha yake juu ya mstari na kucha haikukwama. Aliliona jambo hilo. Hapo ndipo anapojilaumu hadi leo: kucha yake ilimwambia ukweli, na yeye akaamini mdomo wa mtoto wa kwao.

"Ninacho kingine, kipya, cha kutoka ng'ambo," Shiundu akasema. "Kwa wewe nitakifunga kwa bei ya undugu."

Akalipa. Akaketi kwenye kigoda kumwangalia akifunga.

Iko desturi ambayo kila mtu wa Nairobi anaijua, aliyesoma na asiyesoma. Spea ya zamani ni ya mwenye mashine. Fundi akibadilisha kitu, anakupa kile kibovu mkononi, ukitupe wewe, ukiuze wewe kwa watu wa skrepa, ukiweke wewe chini ya kitanda, shauri lako. Ndivyo unavyojua kwamba kweli alibadilisha. Kwa hiyo Lenah alisema, "Kile changu nipe." Shiundu akampa, na Lenah akakipakata mapajani pamoja na bolti zake nane ndani ya mfuko wa nailoni, na uzito wake ukampa ganzi miguuni. Morris, fundi mwingine wa pale, mtu mzima mwenye mke na watoto, alikuwa ameketi hatua tatu kutoka hapo akisugua kabureta. Aliona yote.

Kichwa kipya kilipokaribia kukaa sawa, Shiundu, bila kuinua macho, akanyoosha mkono nyuma.

"Senje, nisaidie nayo hiyo."

Mwenye kusoma haya akiwa Mombasa huenda asielewe. Nairobi, nisaidie ni neno la kazi zote. Fundi akitaka spana husema nisaidie na spana, maana yake nipitishie. Mteja dukani husema nisaidie na sukari, maana yake niuzie. Ombaomba husema nisaidie, maana yake nipe, kiwe changu. Neno ni moja, mikono ni mingi, na sisi sote tunalitumia mchana kutwa bila kugombana, kwa sababu kila mtu anajua ni mkono gani umenyooshwa.

Lenah alidhani anataka kulinganisha matundu. Akampa kile kichwa, na mfuko wa bolti juu yake.

Shiundu akakiweka kwenye rafu nyuma yake. "Asante sana, senje. Mungu akubariki."

Injini ikawashwa, maji yakaruka hadi paa la jirani, na Lenah akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza mwezi ule. Dereva wa pikapu alikuwa akipiga honi. Wakapakia, wakaondoka. Ilikuwa ni kule Kibera, wakishusha, alipokumbuka mapaja yake matupu. Akampigia Shiundu simu. "Iko salama, senje, usijali," Shiundu akasema. Jumapili akamuuliza kanisani. "Iko salama." Jumapili ya pili, "Iko salama." Mwizi hakudanganya. Kilikuwa salama kwake.

Wiki ya tatu kichwa kipya kilipasuka. Kilipasuka kweli, ufa wa kuingiza kucha nzima, na oili ndani ya pampu ikawa nyeupe kama chai ya maziwa. Mzee Okello alikuwa amerudi. Alikifungua, akakipima uzito kwenye kiganja, akakirusha juu kama chapati.

"Nyar Vihiga, hii ni nini umeleta?" Ndivyo anavyomwita, binti wa Vihiga.

"Kichwa. Kile cha shaba kilipasuka."

"Kilipasuka wapi?"

"Shiundu wa Gatina alinionyesha mstari."

"Mstari," Okello akasema. "Hata mimi nina mstari hapa usoni, nimepasuka? Kile kitu nilikigonga nyundo siku nzima wakati ule wa bolti. Hakikunipa hata alama. Hii uliyopewa ni alumini, tena ilitumika ikachoka, wakaipaka rangi. Angalia, rangi inatoka na mate." Akatema kidogo, akasugua, rangi ikatoka. "Vaa viatu. Twende tukakisalimie chako."

Hawakutafuta sana. Nyuma ya zile nyumba za ghorofa za Gatina, hatua mia kutoka karakanani, Shiundu alikuwa amefungua mahali pa kuoshea matatu. Mashine ilikuwa mpya, nyekundu, inang'aa. Katikati ya wekundu ule kulikuwa na kichwa cha manjano, kama mgeni aliyepiga magoti kwenye nyumba ya watu. Okello akainama, akahesabu kwa kidole bila haraka. Saba ndogo. Moja nene.

"Habari ya huku, mtoto wetu," Lenah akasema.

Shiundu hakukana. Hilo ndilo lililomwumiza Lenah kuliko uongo. Alifuta mikono, akatabasamu, akasema, "Ah, senje. Hicho si ulinisaidia nacho?"

Watu wakakusanyika. Akaitwa Dedan, mzee wa nyumba kumi wa upande ule, kofia kichwani, akaketi kwenye benchi la wateja, akasema kila mtu aseme kwa zamu. Lenah akasema yake. Shiundu akasema yake, kwa upole, akitazama chini kama mtoto anayeonewa.

"Kilikuwa kibovu. Nilimwomba anisaidie nacho, akanipa kwa mkono wake, nikamshukuru. Mimi nikakitengeneza. Morris alikuwapo."

Dedan akamgeukia Morris. "Uliona?"

"Niliona," Morris akasema.

"Alimpa?"

"Alimpa."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

Lenah akasubiri. Alijua Morris ana la pili. Morris alimwona akikidai, alimsikia akisema kile changu nipe, alimwona amekipakata kama mtoto. Morris akavitazama viganja vyake vitupu kana kwamba vimeshika kabureta, la pili akalimeza. Mshahara wake hutoka mfukoni mwa Shiundu.

"Mzee," Lenah akamwambia Dedan, "mke wako akienda dukani akasema nisaidie na sukari, anapewa bure?"

"Hapana."

"Na huyu akimwambia Morris nisaidie na spana, spana inakuwa yake?"

"Spana zote ni zangu," Shiundu akadakia, na watu wakacheka.

"Zote," Lenah akasema. "Hata za wengine. Umesema vizuri."

Wakacheka tena, na safari hii walimcheka Shiundu. Kwa muda mfupi Lenah alidhani mambo yamegeuka. Hata kondakta mmoja aliyekuwa akisubiri gari lake lioshwe alisema, "Mpatie mathe kitu yake, buda." Lakini Dedan alikuwa na uso wa mtu ambaye gari lake huoshwa hapo bila foleni. Akakohoa, akakata shauri. Alisema haoni mwizi hapa. Alisema ni mambo ya lugha tu, mmoja alisema hivi na mwingine akasikia vile, na watu wa kijiji kimoja hawapaswi kuaibishana mbele ya watu. Shiundu atamtafutia senje yake kichwa kingine cha alumini, kizuri kidogo, na senje atasamehe.

Mambo ya lugha tu. Lenah alinyang'anywa kitabu akiwa na miaka minane, na leo mtu mwenye kofia anamwambia kosa ni la masikio yake.

Lenah akamgeukia Okello. Alichukua spana ya kumi na saba kutoka mfuko wa koti la Okello, akapiga magoti kwenye tope, akaiweka kwenye bolti nene, akavuta. Ilikuwa imekazwa na mwanamume. Ikalia, ikalegea. Maji yaliyokuwa yamebanwa ndani yakachomoka kwa mlio, yakamwosha Dedan kuanzia magoti hadi kofia.

"Ukitoa bolti nyingine ni wizi," Dedan akasema akijipangusa. Hakupaza sauti. "Mbele ya watu hawa wote, mama. Nitapiga simu, na utaeleza kituoni kwa nini unafungua mashine ya mtu."

Okello akamshika bega. "Nyar Vihiga. Wao ndio wataandika, na wewe hutasoma walichoandika. Simama."

Akasimama. Lilikuwa neno la kweli, na alimchukia Okello kwa kulisema, na bado hajamaliza kumchukia. Shiundu alichukua spana kutoka mkononi mwake, akaikaza bolti ile mbele ya macho yake, kisha akamrudishia spana kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Wiki mbili za Billy zilianza upya, zikakwisha. Jamaa wa Silanga yuko kwenye kona sasa, na mashine yake inanguruma asubuhi hadi jioni. Billy hakufurahi, alimletea Lenah soda, akakaa naye kidogo. Lenah amehamia upande wa pili wa mtaro na ndoo tatu, brashi na matambara. Wanaokuja kwake ni wale wenye pikipiki mpya wanaoogopa presha itakwangua rangi, na wachache wanaokuja kwa huruma. Wa huruma huwatambua, na huwaosha vibaya makusudi.

Kichwa cha alumini kililetwa. Shiundu alimtuma mtu nacho, kimefungwa kwa gazeti. Lenah alimwambia aliyekileta akirudishe, na ampelekee Shiundu salamu kwamba Lenah hakuomba kusaidiwa. Binti yake Whitney alilia, akasema Mama, si ungekichukua tu tuendelee na maisha. Kanisani wamemhubiria msamaha mara nne, na mara zote nne Shiundu alikuwa ameketi benchi la mbele na shati jeupe. Kusamehe Lenah anaweza. Hakuna aliyekuja kumwomba.

Kwa hiyo hesabu ni hii, na yeye huisema kwa yeyote anayeuliza, na kwa wengi wasiouliza. Dedan wa Gatina anamdai Lenah suruali moja iliyolowa, na atangoja sana. Morris anadaiwa sentensi ya pili, ile aliyoimeza, kwamba mama alisema kile changu nipe. Na Shiundu mwana wa Vihiga anadaiwa kichwa cha shaba cha pampu, chenye bolti saba za kumi na tatu na moja ya kumi na saba. Hicho hicho. Si mfano wake, si bei yake. Akilete mwenyewe Kisumu Ndogo, na akimkabidhi asimwite senje.